Nani Alipima Sofa ya Senge?

Senge yangu, dada yake marehemu baba, anaishi upande wa Chwele, kaunti ya Bungoma, na sofa yake ndiyo kubwa kuliko zote pale kijijini. Ni seti ya watu saba, rangi ya damu ya mzee, imevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma kila mahali pa kichwa na kila mahali pa mkono. Jumapili moja ya Desemba nilimkuta amekaa humo tangu kurudi kanisani. Tuliamkiana, mulembe ukajibiwa mulembe, chai ikaletwa, habari za Kitale zikaulizwa moja moja. Kisha akanyamaza kidogo, akageuza uso mlangoni na kuwaita wajukuu wawili waliokuwa wakicheza uani.

"Njooni mning'oe."

Wakaja kama watu waliozoea kazi hiyo. Mmoja alishika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakahesabu mpaka tatu, wakamvuta kama mhogo kwenye ardhi kavu. Mara ya kwanza alirudi chini. Mara ya pili akasimama, akashika fimbo yake, akaenda zake msalani bila kunitazama. Mimi nilibaki nikitazama shimo aliloacha kwenye sponji.

Binti yake yuko Dallas, Texas, ambako kazi yake ni kutunza wazee katika makao yao. Jioni ile alipiga simu, nikamweleza. "Kaka, dawa yake ninayo," akasema. "Huku tunavyo viti vyenye mota. Mzee anabonyeza rimoti, kiti kinamwinua chenyewe mpaka anasimama. Ninamtumia mama kiti cha stima."

Simu ilikuwa kwenye spika. Senge, ambaye wajukuu humwekea filamu za DJ Afro kila likizo, alikuwa amesikia yote.

"Kiti cha stima? Kwani nimeua nani?"

Tulicheka, lakini kazi ya kupima nilipewa mimi. Binamu alitaka vipimo vya mama, vya sebule na vya mlango. Nilimwandikia kwamba mama ni wa kimo cha kawaida, uzito wa kawaida. Jibu lilikuja usiku wa manane, kwake ikiwa bado alasiri: hakuna kimo cha kawaida, kaka, tafuta tepu.

Nilidhani ni ukali wa dada mdogo aliyekaa Marekani muda mrefu. Baadaye niliona kwamba ndani ya sentensi ile mlikuwa na elimu yote ya viti.

Anza na sofa zetu. Ukitembea mbele ya karakana za mafundi pale Kanduyi, au nje kidogo ya mji wa Kitale upande wa kwenda Kiminini, utaona seti zimepangwa kando ya barabara zikingoja wanunuzi wa msimu wa mahindi. Mnunuzi huja na picha kwenye simu. Huuliza rangi, huuliza kama sponji ni ile ngumu, hubonyeza kwa ngumi, huuliza kama itaenea ukutani. Huketi dakika moja, huegemea, husema "hii iko sawa", na mambo ya bei yanaanza. Sijawahi kumwona hata mmoja akimleta mzee atakayekaa humo saa nane kwa siku. Seti ya watu saba hununuliwa kwa ajili ya wale saba watakaokuja mara mbili kwa mwaka: wakwe, wazee wa posa, kamati ya kanisa, waombolezaji. Kwao sofa inatakiwa iwe pana, iwe nene, iwe chini, mtu azame na ajue amefika kwa watu wenye uwezo. Mwenye nyumba, ambaye magoti yake yamelima ekari tatu kwa miaka hamsini, hukaa katika kiti kilichochaguliwa na wageni wake.

Nilipompima Senge na kuipima sofa yake, niliona ni kwa nini alikuwa aking'olewa. Kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, akiwa na champali zake, ni sentimita 43. Sponji ya sofa, akishaikalia ikabonyea, inabaki sentimita 33 tu. Kila akitaka kusimama, anapandisha mwili wake kutoka chini ya magoti yake mwenyewe. Kutoka matakoni mpaka nyuma ya goti ni sentimita 46. Sofa ina kina cha sentimita 60. Akiegemea mgongo, nyayo zinaachana na sakafu kama za mtoto. Akitaka nyayo ziguse chini, lazima asogee mbele, na mgongo unabaki hewani. Basi huchagua njia ya tatu, huteleza nusu akaketi kwenye mfupa wa mkia, na jioni hulalamika kiuno.

Kuna kosa jingine ambalo sikuliona mpaka mtaalamu wa tiba ya viungo, katika hospitali moja ya Kitale, aliponionyesha. Aliniambia nisimame kutoka kwenye benchi bila kufikiri, halafu akaniuliza nilifanya nini na miguu. Sikujua. Nilikuwa nimerudisha visigino nyuma, chini ya benchi, nikainama mpaka pua ikapita vidole vya miguu, ndipo nikanyanyuka. Kila mtu hufanya hivyo. Sasa tazama sofa ya kisasa: mbele yake imezibwa kwa ubao na kitambaa mpaka sakafuni. Visigino havina pa kwenda. Tumeweka ukuta mahali ambapo mwili unahitaji mlango.

Yule mtaalamu alinipa pia jaribio la bure la kufanya nyumbani. Weka kiti kigumu cha kimo cha sentimita 43 dhidi ya ukuta, mzee akunje mikono kifuani, kisha ahesabiwe anasimama na kuketi mara ngapi kwa sekunde 30. Ndicho kipimo wanachotumia wataalamu wa sehemu nyingi duniani kukadiria nguvu za miguu na hatari ya kuanguka. Akilazimika kutumia mikono, alama ni sufuri. Senge alipata sufuri, akadai saa yangu ni mbovu.

Turudi kwenye kiti cha Dallas, kwa sababu msomaji mwenye mtoto ng'ambo huenda naye anaahidiwa kimoja.

Kiti cha kulala nyuma, ambacho maduka yetu hukiita riklaina, kina historia ya binamu wawili. Mwaka 1928, katika mji wa Monroe, jimbo la Michigan, Edward Knabusch na Edwin Shoemaker waliunda kiti cha mbao tupu cha kuwekwa kibarazani, ambacho mgongo wake ulifuata mwili wa mkaaji akiegemea. Baadaye wakakivika kitambaa ili kiingie sebuleni, na kampuni yao, La-Z-Boy, ipo hadi leo. Mota ya kuinua ilikuja miaka mingi baadaye. Chini ya kiti kuna fremu ya chuma inayobaki sakafuni, na mota ndogo husukuma fimbo ya chuma ili kiti kizima kipande na kuinamia mbele polepole, mpaka mkaaji anajikuta juu ya nyayo zake. Serikali ya Marekani yenyewe haikubali kwamba kiti hicho chote ni tiba: bima yake ya wazee, Medicare, huweza kulipia mtambo wa kuinua daktari akiagiza, lakini sponji, kitambaa na mikono ya kiti ni samani, ujilipie. Napenda mgawanyo huo. Unamkumbusha mnunuzi kwamba ananunua vitu viwili, na kwamba mota nzuri haiwezi kuokoa kiti kibaya.

Vipo vya aina tatu hivi. Cha kwanza huegemea nusu tu, kiasi cha kutazama habari za saa moja. Cha pili hulala karibu kabisa, lakini mgongo na miguu hutembea pamoja kwa sababu mota ni moja. Cha tatu kina mota mbili, hivyo unaweza kuinua miguu iliyovimba bila kuulaza mgongo, au kulala tambarare usingizi ukija. Kwa mtu anayevimba miguu, au asiyeweza kupumua vizuri akilala chali, hicho cha tatu kina maana. Kwa Senge, ambaye shida yake ni moja tu, kusimama, kile cha kwanza kingetosha, na binamu angebaki na dola kadhaa za kununulia mbolea.

Lakini vipimo ndivyo vinavyoamua. Viti vya kadiri ya kati vya soko la Marekani huwa na kimo cha sentimita 48 hadi 51 na kina cha 51 hadi 56. Vimetengenezwa kwa miili ya kwao. Mwanamke mwenye mapaja ya sentimita 46 akiingia humo, hali ni ile ile ya sofa, na mota inaongeza hatari: nyayo hazijagusa chini, kiti kinaanza kuinama mbele, naye anateremka kama gunia kwenye ubao wa lori. Nyayo zote mbili lazima ziwe zimekanyaga kabla rimoti haijabonyezwa. Ndiyo maana watengenezaji huuza vya ukubwa mbalimbali, vidogo kwa watu wafupi na virefu kwa warefu, na ndiyo maana binamu alinikaripia.

Kanuni ya kina niliyofundishwa haihitaji hata tepu. Mzee aketi mpaka matako yaguse mwegemeo, kisha upitishe vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vikipita kwa raha, kina ni sawa. Visipopita, ukingo unambana mishipa. Mkono mzima ukipita, mapaja yananing'inia. Upana nao usikudanganye. Tunapenda kiti kipana kwa heshima, kumbe mzee katika kiti kipana huegemea upande mmoja na mikono yake haifiki mahali pa kujisukumia. Mto wa kichwa uliowekwa kwa shingo ya mwanamume wa futi sita humsukuma bibi kichwa mbele akaonekana anasali siku nzima. Na uzito uandikwe kwa ukweli. Vingi vya kawaida vimewekewa kikomo cha kilo 136 hivi. Watu wazito zaidi wana vya kwao, vyenye chuma kinene zaidi.

Kitambaa pia ni jambo la mwili. Ngozi bandia hupanguswa kwa urahisi mkojo ukimtoroka mtu, na tusione haya kulitaja, lakini huteleza, hasa kwa mwenye kitenge. Kitambaa chenye vinyweleo humshika mkaaji asiteleze, ila hunywa kila kitu kinachomwagika, chai kwanza.

Halafu kuna stima yenyewe. Kiti kilichonunuliwa dukani Dallas kimezoea volti 120. Sisi tuna 240, na plagi yetu ina meno matatu ya mstatili. Adapta nyingine zimeandikwa kwamba zinakubali kuanzia 100 mpaka 240, hizo hazina neno. Isiyoandikwa hivyo itaungua siku ya kwanza, na harufu yake utaikumbuka. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikaa gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Mfikirie mzee aliyelazwa chali katika kiti chake usiku kama ule. Watengenezaji wamelifikiria: viti vingi vina mahali pa kuweka betri mbili ndogo za volti 9 zinazotosha kumrudisha mkaaji wima mara moja. Mara moja tu, tena kama kuna mtu aliyekumbuka kuzibadilisha. Sisi tunaotumia tokeni za stima tuna giza letu la ziada, lisilotangazwa na mtu yeyote.

Wajukuu na paka wakatazwe kutambaa chini ya kiti, kwa sababu fremu inaposhuka haiulizi. Panya nao hupenda waya. Na mzee mwenyewe, akishainuliwa, asiondoke mbio. Damu huchelewa kufika kichwani, hasa kwa anayekunywa dawa za presha. Asimame, ahesabu mpaka kumi, ndipo apige hatua.

Yule mtaalamu wa Kitale alisema jambo moja lililonikaa. Mota ikimfanyia mtu kazi yote, kila siku, miguu nayo hustaafu. Alishauri mwenye kiti kama hicho aache rimoti pale tu anapohisi mapaja yanaweza kumalizia yenyewe, na kila wiki ajaribu kuiacha mapema kidogo.

Nilipeleka vipimo vya sebule nikiwa na wasiwasi, kwani nilishaona mwisho wa habari. Kiti kinacholala nyuma kinahitaji nafasi kati yake na ukuta, pengine nusu mita, isipokuwa vile vinavyoteleza mbele vyenyewe vinapolala. Katika sebule ya Senge, kati ya ile seti ya saba, meza, kabati la vyombo na runinga, hapakuwa na nusu mita ya kitu chochote. Ili kiti cha mtu mmoja kiingie, sofa moja ingetoka.

"Na wageni wataketi wapi?" Senge akauliza.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi. Ana karakana Kitale, na kama maseremala wengi wa huku, anauza vitanda mbele, milango katikati, na majeneza nyuma. Alikubali kuja mpaka Chwele kupima, kwa sababu alisema hajawahi kuagizwa kiti kwa vipimo vya mtu. Huagizwa kwa vipimo vya ukuta. Aliingia na tepu shingoni na penseli sikioni. Senge alimtazama akinyoosha tepu kando ya paja lake, akaniita kwa sauti ya chini ambayo nyumba nzima iliisikia.

"Huyu ananipimia kiti, ama sanduku?"

Fundi alisema sanduku hupimwa mteja akiwa amelala, mama, na wewe umeketi. Wakawa marafiki.

Kiti walichokubaliana ni hiki. Kimo cha sentimita 46 sponji ikiwa imekaliwa, yaani juu kidogo ya goti lake, kwa maana kadiri kiti kinavyopanda ndivyo goti linavyobeba mzigo mdogo, alimradi nyayo zisiachane na sakafu. Kina cha sentimita 41. Upana wa 50. Mikono ya mbao yenye ncha ya mviringo inayojaa kiganjani, ifike mpaka ukingo wa mbele, maana mikono mingi ya sofa huishia pale ambapo ingeanza kusaidia. Mbele chini pawe wazi, visigino vipite. Miguu minne, bila magurudumu, kila mmoja umevikwa kipande cha tairi, ile ile ya kutengenezea akala, kisiteleze kwenye sakafu ya saruji. Sponji ngumu juu ya ubao, bila springi. Mbao ni saipresi, fremu imefungwa kwa skrubu na gundi. Bei yote ilikuwa chini ya gharama ya kukisafirisha kile cha Dallas mpaka Mombasa.

Wakati vanishi inakauka nilikwenda kutembea katika jumba la makumbusho la Kitale, lililotokana na mkusanyo wa mlowezi Mwingereza, Luteni Kanali Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Serikali ilifungua hili la sasa mwaka 1974. Pale uani kuna nyumba za jadi, na mbele ya nyumba kama zile wazee walikuwa wakikaa kwenye vigoda vifupi sana, chini kuliko hata sofa ya Senge. Nilijiuliza walisimamaje. Nadhani jibu ni kwamba walichuchumaa maisha yao yote, shambani, jikoni, msalani, wala hakuna siku miguu yao ilipopewa likizo. Na waliochoka kabisa walikuwa na wajukuu wengi zaidi wa kuwang'oa. Waswahili wa Lamu walikuwa na jawabu tofauti: kiti cha enzi, cha mbao nyeusi, kirefu, kilichosimama wima, chenye pa kuwekea miguu. Mheshimiwa wa Lamu hakuzama mahali.

Kuchuchumaa kulinikumbusha jambo ambalo sisi wote, pamoja na binamu na shahada zake, tulikuwa tumelisahau. Kiti kizuri sebuleni hakimsaidii mtu ambaye choo chake ni shimo. Fundi aliongeza kiti cha pili, chenye tundu katikati, cha kimo kile kile, na chuma cha kushikilia ukutani. Hicho hakina kitambaa cha kufuma juu yake, lakini Senge anakisifu kuliko kile cha kwanza.

Mzee anayepokea zile shilingi 2,000 za serikali za Inua Jamii kila mwezi na hana binti Dallas anaweza kuanza na kidogo zaidi: vipande vinne vya gogo chini ya miguu ya sofa aliyonayo, ubao chini ya sponji, na mto mgumu mgongoni wa kupunguza kina. Fundi aliyenitengenezea alinionyesha namna ya kuchimba kitundu juu ya kila gogo ili mguu wa sofa uzame ndani usiteleze.

Cha Dallas hatukukikataa. Vipimo vyote vipo kwenye simu ya binamu, vimeandikwa kwa sentimita na kwa inchi, kwa ajili ya siku ambayo mikono ya Senge haitaweza tena kumsukuma. Kwa sasa anajisukuma mwenyewe. Hesabu ya sekunde 30 bado ni sufuri kwa sheria za wataalamu, maana anatumia mikono, lakini mwezi uliopita alisimama mara sita na akasema saa yangu imetengenezwa.

Jumapili ya kwanza baada ya kiti kuletwa, kamati ya kanisa ilikuja. Mwenyekiti, mwanamume mnene wa heshima zake, aliingia wa kwanza, akaona kiti kirefu kimesimama peke yake karibu na dirisha, akakiendea moja kwa moja. Senge alinyoosha fimbo, akamwelekeza kwenye sofa, pale katikati, penye sponji nene. Akazama. Chai ikanywewa, taarifa ya harambee ikasomwa, sala ya kufunga ikasemwa. Senge akaweka viganja kwenye mbao, akarudisha visigino nyuma, akasimama kusindikiza wageni. Mwenyekiti alijaribu mara moja, akajaribu mara ya pili, kisha akacheka kicheko cha mtu anayetaka msaada bila kuuomba.

Senge akageukia mlangoni.

"Watoto! Njooni mumng'oe mwenyekiti."